Kanseri Ilinikuta Kwenye Fotei

Wakina mama wa parokia yetu wameniomba mara nyingi nisimame mbele niseme yaliyonipata. Nimekataa kusimama, kwa sababu mimi nikishika mikrofoni ninacheka, na mtu akicheka huku anaeleza ugonjwa watu wanafikiri ulimpanda kichwani. Basi nimeandika. Mahali pa kucheka mcheke, mimi mwenyewe nilishacheka. Na kabla ya yote ninamshukuru Mungu, kwa maana kuna siku niliamini kwamba habari zangu zingesomwa na padri huku mimi nikiwa ndani ya sanduku.

Mimi ni Mama Esperansi. Nina miaka hamsini na sita, nina titi moja, na nina afya. Nilizaliwa kwenye milima ya Lubero, mahali ambapo hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani ni kupanda au kushuka. Shamba letu lilikuwa juu kabisa. Kuanzia utoto nilibeba viazi na kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama mnavyoona mama zetu wakifanya hadi leo. Nililima, nilichota maji, nilitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuna aliyeniambia kwamba ninafanya mazoezi. Waliniambia nifanye haraka.

Niliolewa na Papa Esperansi nikaja Goma. Miaka ya kwanza tulikaa Birere, chumba kimoja, na mimi niliuza maharagi ndani ya beseni nikiwa nimelibeba kichwani. Nilizunguka mji mzima. Mawe yetu meusi ya volkano yalikuwa yanamaliza viatu vyangu jozi baada ya jozi, na jioni bwana wangu alikuwa ananikanda miguu kwa mawese, mafuta ya ngazi. Alikuwa anasema: "Mama Esperansi, siku moja hii miguu itapumuzika. Nakuapia."

Akaitimiza ahadi yake. Biashara yake ya bati na simenti ilienda vizuri, tukajenga mtaa wa Himbi, na mimi nikapumzishwa. Ninataka mnielewe hapa, kwa sababu hamtapata mwanamume mwema kuliko huyu. Kwa watu wetu wa kule Butembo na Lubero wanaofanya biashara, mume anayefanikiwa anaonekana kwa bibi yake. Bibi akiwa mnene, akiwa amekaa, akiwa na watu wa kumtumikia, basi mume ni mtu. Papa Esperansi aliniletea wasichana wawili wa kazi, kisha dereva. Mwisho akaniletea fotei, kiti cha kuegemea.

Hiyo fotei! Ilikuwa ya rangi ya divai, ya kitambaa laini, pana kiasi kwamba wajukuu wawili wangeweza kulala kando yangu. Ililetwa juu ya lori, na majirani wakatoka nje kuitazama. Bwana wangu aliiweka mbele ya televisheni akasema: "Ikala." Nikakaa. Asubuhi nilikaa kwenye butiki yangu ya vitenge, katikati ya hayo nilikaa kwenye gari, na jioni nilikaa kwenye fotei. Hata kikombe cha chai kilinifuata. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea alinishika mashavu akalia kwa furaha, kwa jinsi nilivyonenepa. Na mimi nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Baada ya miaka yote ile ya beseni, kukaa ni kutamu sana.

Ni kweli kwamba nilianza kuhema nikipanda ngazi tatu za mlango wa kanisa. Nilisema ni umri.

Siku moja nikiwa ninaoga, mkono wangu ulipita juu ya titi la kushoto ukakutana na kitu kigumu. Kilikuwa kama punje ya haragi chini ya ngozi. Nilikibonyeza, hakikuuma. Kitu kisichouma unakipeleka hospitali kufanya nini? Nikamaliza kuoga. Nilijiambia labda ni maziwa ya zamani yaliyoganda, ingawa mtoto wangu wa mwisho alikuwa tayari ana ndevu.

Miezi ikapita. Haragi ikawa karanga, karanga ikawa kama kiazi kidogo. Kisha chuchu ikaanza kuingia ndani, na ngozi ya pale ikawa na vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Bado haikuuma. Aliyeniokoa ni binti yangu Esperansi, ambaye ameolewa anakaa Keshero. Alikuja kunisaidia kujaribu rinda la harusi ya binamu yake, zipu ikakataa, akanivua, akaona. Kisha akasema: "Mama, vaa ile kikwembe yako. Tunaenda." Nilimuuliza wapi. Alikuwa amekwisha kumwita dereva.

Pale hospitali nilipokelewa na munganga mmoja mwanamke, kijana, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi nimuinamie ili nimsikie. Alinipima kwa mikono, titi zima hadi kwapani. Kwapani alikawia. Walinipitisha kwenye mashini ya picha, kisha wakaniingiza sindano nene wakatoa kipande cha nyama kidogo. Hapo niliumia, nikapiga kelele bila haya yoyote. Kile kipande kilipelekwa mbali kuchunguzwa, na sisi tukaambiwa tungoje.

Jibu lilipofika tuliitwa mimi na bwana wangu. Munganga alisema bila kuzunguka: "Mama, Papa, ni kanseri ya titi. Ni ile watu wengine wanaita saratani. Iko ku titi, na imegusa kidogo ku kwapa. Haiyaende mahali pengine. Tunaweza kuitibu."

Papa Esperansi alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Mwanamume anayeweza kubishana na watu wa forodha kutwa nzima alikuwa anabishana na kiti. Mimi niliogopa mno. Nilimuuliza munganga kama nitakufa. Akasema: "Wote tutakufa, Mama. Lakini mimi niko nafanya kazi juu hiyi isikuuwe." Nilimpenda tangu siku ile.

Kisha akaanza kuniuliza maswali, na maswali yenyewe sikuyategemea.

"Unafanyaka kazi gani, Mama?"

"Niko naikalaka ku butiki."

"Na kisha butiki?"

"Niko naikalaka ku nyumba."

"Sasa unatembeaka wakati gani?"

"Siku ya Mungu, ku kanisa."

"Kanisa iko mbali?"

"Iko mbali kidogo. Tunaendaka na motokari."

Aliandika, nikaona mdomo wake unajizuia kucheka. Akaniuliza habari za utotoni na za ujana, nikamweleza milima, kamba na beseni. Alifurahi. Alisema kazi ile yote ilinisaidia, kwamba mwili unaotembea na kufanya kazi tangu utotoni unapunguza hatari ya kanseri ya namna yangu. Bwana wangu akadakia: "Basi juu ya nini imemushika?" Munganga akamjibu kwamba hakuna mtu anayeweza kusema kwa hakika kwa nini imemshika huyu na kumwacha yule. Mambo ni mengi: umri, uzito, damu ya familia, na mengine ambayo hata wao hawayajui. Lakini kukaa miaka mingi bila kutikisika, na kunenepa baada ya hedhi kukoma, vinaongeza hatari. Kazi ya ujana peke yake haitoshi kumlinda mtu mpaka uzeeni, akasema, lazima aendelee. Mimi sikuyashika sana. Wakati ule nilikuwa ninawaza kisu.

Walinikata titi lote la kushoto pamoja na vitu vya kwapani. Niliamka nina mpira unaotoka ubavuni kwenda kwenye chupa ndogo, na ndani ya chupa maji mekundu. Siku walipobadilisha bandeji nilijitazama kwa mara ya kwanza. Upande mmoja mimi, upande mwingine mstari mrefu wa nyuzi kuelekea kwapani. Nililia, nikalala, nikaamka nikaomba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Esperansi alisema: "Mama akiomba sambaza, basi ni yeye."

Baada ya kidonda kupona nilivuka mpaka, nikaenda Kigali kupewa dawa za shimio, zile zinazotiwa kwenye mshipa kuua kanseri. Watu watawaambia kwamba shimio inaua. Inasumbua, lakini mimi niko hapa ninaandika. Nilitapika mpaka nyongo. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Kucha zilikuwa nyeusi, mdomo ukajaa vidonda, na nywele zilitoka asubuhi moja zikabaki zote kwenye mto. Bwana wangu alipoona kichwa changu kitupu alinyoa na cha kwake, akasema sasa tumekuwa mayai mawili. Mimi nilijinunulia peruki, lakini upepo wa ziwani uliigeuza nikiwa nashuka garini mbele ya kanisa, na tangu hapo wasichana wa kazi walinifunga kitambaa tu.

Kwenye chumba cha shimio nilikutana na mama mmoja wa milima ya Masisi. Alikuwa mwembamba, mikono imekomaa kwa jembe, amelima maisha yake yote na hajawahi kupanda gari ila la kumleta pale. Na yeye alikuwa na kanseri ya titi kama mimi. Nilishangaa, nikamuuliza munganga wa huko, huyu alikosa nini? Akaniambia hakukosa kitu. Kutikisa mwili kunapunguza hatari, hakuimalizi. Ninalisema hili kwa makusudi, ili mtu asije akamnyooshea mgonjwa kidole. Yule mama tunapigiana simu hadi leo, naye anaendelea kulima.

Nilipomaliza shimio nilirudi Himbi, na hapo ndipo ugonjwa wangu wa pili ulipoanza, ugonjwa wa kupendwa.

Dada yake bwana wangu, Tantine Kahindo, alikuja kutoka Butembo kunitunza. Ni mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Kwetu mgonjwa aliyetoka hospitali hagusi kitu. Tantine alinikalisha kwenye ile fotei, akaniwekea mto huku na mto kule, akanilisha. Kila mgeni aliyekuja alikuja na Fanta, sukari, maziwa na mikate, na kila mgeni alisema: "Usisimame, Mama, ikala, ikala!" Nikitaka kwenda msalani Tantine alinishika kiuno. Mkono wangu wa kushoto alinifunga kwa kitenge kifuani ili usichoke. Aliniosha, alinivalisha, alinifunga hata kitambaa cha kichwa.

Nikanenepa. Nikanenepa kuliko kabla ya ugonjwa. Na nyumba nzima ikafurahi! Kwa sababu sisi wote tunajua kwamba mgonjwa anayekufa anakonda, basi anayenenepa amepona. Tantine alimpigia simu kila mtu wa ukoo: "Amenona! Mungu mukubwa, amenona!" Bwana wangu akaenda kwa padri kuomba misa ya shukrani, akaagiza ng'ombe. Tulikuwa tumekwisha kushona vitenge vya familia nzima.

Kabla ya misa nilikuwa na siku yangu ya kuonana na munganga. Nilijipodoa. Nilitegemea apige makofi. Akanipandisha kwenye mizani, akatazama, akanitazama mimi, akatazama tena mizani. Kisha akasema: "Inua mukono ya kushoto, Mama."

Niliinua. Ulifika kifuani ukakataa. Nilisukuma, bega likauma mpaka macho yakatoa machozi. Mkono ulikuwa mgumu, tena umevimba. Pete yangu ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Nani alikufunga hii mukono?"

"Wifi yangu. Ananipenda sana."

"Ninaona," akasema.

Siku ile hakutumia sauti ndogo. Alituambia, mimi na Papa Esperansi, kwamba kisu na shimio vimefanya kazi yao na sasa nitameza vidonge kila siku kwa miaka. Lakini kanseri kama yangu inaweza kurudi. Akasema wanawake wanaotembea na kutumikisha mwili baada ya matibabu wana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko wanaokaa. "Sikukatie ahadi," akasema. "Lakini ukibakia ku ile fotei, unasaidia ugonjwa, hausaidie miye." Akanituma kwa mtu wa kunyoosha viungo, tunamwita kine, anifundishe kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo mpaka mkono ufunguke. Na nitembee kila siku, kwa miguu, mpaka nitoke jasho lakini niwe bado ninaweza kuongea.

Nyumbani bwana wangu akalipuka.

"Mimi nilimutoa ku mizigo! Nilimuapia! Sasa munganga anataka nimurudishe ku barabara sawa muuza maharagi? Watu watasema nini?"

Tantine naye: "Mugonjwa anatembea? Ataanguka mbele ya watu! Afazali umuchimbie kaburi mu parsele!"

Nilikaa kati yao nikisikia wakiniongelea. Nilikuwa ninawapenda wote wawili na nilikuwa na hasira nao wote wawili. Ninyi mnajua, mke wa mtu mkubwa hapigi kelele mbele ya wifi. Lakini nilikuwa nimeshaona kile chumba cha shimio. Nilikuwa nimeshika mikono ya wanawake ambao ugonjwa umewarudia. Niliwaza wajukuu wangu, niliwaza kucha nyeusi, nikasema: "Papa Esperansi, wewe uliniapia miguu itapumuzika. Imepumuzika. Sasa miye nataka kuishi." Kisha nikajifungua kile kitenge cha kifuani nikamkabidhi Tantine. Alikipokea akalia.

Nilianza ndani ya parsele, uani kwetu. Nilizunguka nyumba na tangi la maji, naye Tantine nyuma yangu na kiti mkononi, tayari kunidaka. Mara ya kwanza nilizunguka mara moja nikahema nusura nizirai. Miguu iliyopanda Lubero ilitetemeka kwa kuzunguka tangi la maji! Nilikasirika sana, na hasira ikanisaidia. Nikazidisha kidogo, na kidogo tena. Ukutani nilipandisha vidole kila asubuhi huku nikitukana kwa Kinande, lugha yetu ya Lubero, wajukuu wasielewe. Tantine alichoka kubeba kiti, akarudi kwake Butembo.

Siku moja nilifungua lango nikatoka. Bwana wangu alikuwa kazini, hakuniona, wala sikumuuliza. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa ninaweza kutoka Himbi mpaka kwa Esperansi kule Keshero, pole pole, nikiwa na mfuko wenye chupa ya maji na nguo ya kubadili, kwa sababu jasho lilikuwa linanilowesha. Nilikuwa ninakwenda asubuhi ninarudi mchana. Vumbi jeusi miguuni, ziwa upande mmoja, watu wananisalimu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu enzi za beseni.

Lakini watu wa Goma wana macho. Mke wa Papa Esperansi, mwenye dereva, anatembea kwa miguu, ana mfuko wa nguo, anaelekea kwa binti yake, kila siku. Wakajumlisha. Habari ikazunguka mji ikafika Katindo, kwa kaka mkubwa wa bwana wangu, Muzee Paluku, ikiwa imekwisha kuiva kabisa: Papa Esperansi amemfukuza bibi yake kwa sababu ana titi moja.

Jumamosi moja nilirudi kutoka Keshero nikakuta viatu vya wazee mlangoni. Muzee Paluku alikuwa amekuja na wazee wengine wawili wa ukoo, makoti yamefungwa vifungo vyote. Walikuwa wamempanga bwana wangu kwenye kiti kidogo kama mtoto wa shule. Walikuja kupatanisha. Kwetu jambo la kumtesa mke mgonjwa si la mchezo, linaitiwa ukoo.

Muzee Paluku alikuwa katikati ya hotuba: "Mwanamuke amezaa watoto yako, amekatwa mwili, na weye unamufukuza na mufuko? Baba yetu angekuwa muzima..."

Bwana wangu alikuwa ametoa macho. Hakujua hata kwamba ninatembea hadi Keshero. Alidhani ninazunguka tangi tu. Ndipo mimi nikaingia, jasho likitiririka, mfuko mkononi, viatu vyeusi kwa vumbi. Wazee wakanitazama kwa huruma kubwa. Mmoja alisema "Pole, mama yetu" akaondoka kwenye fotei yangu ili nikae.

Nikamtazama Papa Esperansi. Alikuwa na njia mbili tu. Aseme kwamba bibi yake anatembea mjini bila yeye kujua, na hiyo ingekuwa aibu kubwa kuliko ya kunifukuza. Au...

Akasimama, akajirekebisha koti. "Bakubwa zangu," akasema, "musikie muzuri. Ni miye njo namutumaka atembee. Munganga alisema kama mama anaikala tu, kanseri inaweza kurudia. Munataka irudie? Hata mama yetu mu Lubero alitembeaka mupaka uzee! Mimi njo nilimuambia, Mama Esperansi, toka ku hii fotei."

Niliuma midomo nisicheke. Alisema uongo kwa ufasaha mpaka mwenyewe akaanza kuuamini. Aliwaeleza mambo ya vidonge, ya uzito na ya mkono kuliko munganga. Kumbe siku ile hospitali alisikia kila neno.

Muzee Paluku hakushawishika haraka. Akanigeukia: "Mama, ni kweli? Haukufukuzwa?"

Nilifungua kitambaa changu cha kichwa mbele yao, nywele fupi za mvi zikaonekana, kisha nikainua mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, juu, nyuma ya kichwa, nikakifunga upya mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kukifunga bila msaada tangu operesheni. Bega liliniuma, lakini mkono ulifika. Wazee hawakuelewa nilichofanya. Bwana wangu alielewa. Aligeukia dirisha, akijifanya anatafuta kitambaa cha pua.

Misa ya shukrani ilifanyika, ila tuliiomba kwa ajili ya kutembea, si kwa ajili ya kunona. Wakati wa matoleo nilicheza kutoka mlangoni hadi altareni, na padri alilazimika kungoja. Vitenge ilibidi vipunguzwe kiunoni, fundi alilalamika. Fotei bado ipo. Wageni wanakaa.

Na sasa ninyi, wenzangu. Jishikeni matiti mkioga, na mkikuta haragi msingoje iume. Nendeni kwa munganga. Wewe binti unayelima na kubeba, usione haya kwa kazi yako, ila usije ukaiacha yote siku utakapopata pesa. Badilisha tu mzigo, endelea kutembea. Wewe wifi mwenye upendo, mletee mgonjwa wako viatu. Na ninyi wapapa, mkitaka watu waone jinsi mnavyowapenda wake zenu, tembeeni nao.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa tena. Bwana wangu alikuja, na wote wawili hatukulala usiku wa kabla. Nilikuwa na maumivu mgongoni kwa wiki nzima na nilikuwa nimejiambia tayari kwamba imerudi, imeingia mfupa. Munganga alinigusa kila mahali, akatazama picha, akazitazama tena. Kisha akageuka na ile sauti yake ndogo: "Hakuna kitu, Mama. Mugongo ni ya kutwanga sombe, Esperansi ameniambia. Punguza kidogo."

Niliuliza kama ni kutembea ndiko kulikoniponya. Akasema hajui, ni kisu, ni shimio, ni vidonge, ni miguu, ni Mungu, hawezi kuvitenganisha. Akasema niendelee na vyote.

Tulipotoka dereva alikuwa ameshafungua mlango. Papa Esperansi alimwambia atangulie nyumbani. Kisha akafanya jambo ambalo wanaume wa umri wake hawalifanyi katika mji huu: alinishika mkono mbele ya watu, ule wa kushoto, tukaanza kutembea juu ya mawe, yeye na viatu vyake vya kupigwa rangi. Tulipofika kwenye njia panda, kijana mmoja wa pikipiki anayemfahamu alipunguza mwendo, akatutazama kwa masikitiko.

"Papa, pole! Motokari imekufa?"

Bwana wangu hakusimama. Alinikaza mkono akajibu kwa sauti ya kusikika barabara nzima:

"Motokari ni muzima. Na bibi yangu ni muzima!"